Mtambo wa Chumvi kwa Bwawa la Nyumbani: Kwanza Hesabu Saa za Umeme

Shemeji yetu mmoja, mstaafu wa utumishi wa serikali ambaye nyumba yake iko kando ya barabara iendayo Entebbe, alituita kwake Jumapili moja, akatuongoza moja kwa moja hadi nyuma ya nyumba bila hata kutukaribisha chai. Huko ndiko liliko bwawa lake la kuogelea, lenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 4. Maji yake yalikuwa ya kijani kama mchuzi wa mchicha. Zilikuwa zimebaki siku sita tu kabla ya wageni wa arusi ya binti yake kuwasili.

"Shemeji," akatuambia, "nimenunua mtambo mpya, nimetia chumvi magunia matatu na nusu, na muuzaji akaniapia kwamba sitanunua dawa tena maishani. Sasa tazama aibu hii."

Twajua kwamba wasomaji wetu walio wengi hawana bwawa la kuogelea nyumbani, wala hawafikirii kuwa nalo. Lakini mabwawa siku hizi hayako tena katika hoteli kubwa peke yake. Yako katika nyumba za wageni, katika shule, na katika nyumba za watu waliojenga pembezoni mwa mji, ambako watoto wa jirani hualikwa siku ya Jumamosi. Mtoto wako aweza kuogelea katika maji ambayo hujui yanatunzwaje. Na mitambo hii ya chumvi inazidi kuuzwa. Kwa hiyo twaona yafaa kueleza yale tuliyojifunza kwa shemeji yetu, na yale tuliyoyachunguza baadaye ili tumsaidie.

Kosa la kwanza limo katika jina lenyewe. Bwawa la namna hii huitwa "bwawa la maji ya chumvi", na mnunuzi hudhani kwamba ameachana na klorini. Hakuachana nayo hata chembe. Mtambo huu ni kiwanda kidogo cha klorini kilichofungwa kwenye bomba. Chumvi ya kawaida ni muungano wa sodiamu na klorini. Maji yenye chumvi kidogo yakipita katikati ya mabamba ya titani, na mabamba hayo yakitiwa umeme wa mkondo mnyoofu, kama ule wa betri, muungano ule huvunjika. Kwenye bamba moja hutoka klorini, nayo huyeyuka papo hapo ikawa dawa ile ile itokayo katika unga wa kopo. Kwenye bamba la pili hutoka haidrojeni, gesi nyepesi iwezayo kuwaka. Dawa ikisha kuua vijidudu, au ikisha kuvunjwa na jua, hurudi kuwa chumvi kama ilivyokuwa, na mzunguko huanza tena. Ndiyo sababu chumvi haiishi kwa kutumika. Hupotea tu pamoja na maji yanayomwagika.

Ujanja wenyewe si mgeni, kwa kuwa viwanda vimekuwa vikipata klorini kwa njia ya umeme tangu mwisho wa karne ya 19. Kilichowezesha chombo kidogo cha nyumbani ni mabamba ya titani yaliyopakwa oksidi ya madini ya rutheniamu, ambayo Mholanzi Henri Beer aliyavumbua katika miaka ya 1960. Kabla ya hapo mabamba yalikuwa yakiliwa upesi. Mitambo ya majumbani ikaenea kwanza Australia na New Zealand, nchi zenye jua kali na mabwawa mengi, kisha ikafika kwingineko.

Faida zake ni za kweli, nasi hatutazikanusha. Maji huwa na chumvi ya gramu 3 hadi 4 kwa lita, yaani sehemu moja ya kumi ya chumvi ya bahari, na chini hata ya machozi ya binadamu ambayo yana gramu 9. Ngozi huona raha na macho hayachomi sana. Dawa hutengenezwa kidogo kidogo kila siku, badala ya kumwagwa kwa wingi leo na kusahauliwa kwa juma zima. Tena hakuna haja ya kuweka stoo ndoo nyingi za unga wa klorini, ambao hupoteza nguvu kwa joto na ni wa hatari kwa watoto. Aliyewahi kuvuta pumzi juu ya ndoo ile iliyofunguliwa anajua tunalosema.

Lakini mtambo hutengeneza klorini wakati ule tu ambao maji yanapita ndani yake, na maji hupita wakati ule tu ambao pampu inazunguka, na pampu huzunguka wakati ule tu ambao umeme upo. Hapa ndipo shemeji yetu alipokwama, na hapa ndipo tunapomwomba msomaji atulie na kalamu mkononi.

Bwawa la mita 10 kwa 4, lenye kina cha wastani wa mita 1 na robo, lina mita za ujazo 50, ambazo ni lita 50,000. Bwawa la nje, lenye maji ya joto na watu wa kuogelea, hupoteza kila siku kiasi cha gramu 2 hadi 4 za klorini kwa kila mita ya ujazo. Katika nchi iliyo chini ya Ikweta, ambako jua halina likizo, hatuoni busara kuhesabu chini ya 3. Basi bwawa hilo lahitaji gramu 150 za klorini kwa siku ya kawaida, na zaidi ya hapo siku ya wageni.

Mtambo wa shemeji ulikuwa umeandikwa ubavuni kwa herufi kubwa: "Hadi lita 60,000." Bwawa lake ni lita 50,000, akaona amepata na ziada juu. Lakini katika karatasi ya maelezo, kwa herufi ndogo, palikuwa na tarakimu iliyo ya maana kuliko zote: gramu 16 kwa saa. Kama pampu ingezunguka saa 8, angepata gramu 128, ambazo hata hivyo hazitoshi. Tulipomwuliza kijana anayetunza bustani, alituambia kwamba umeme mtaani mwao hukatika karibu kila siku, na kwamba hata ukiwepo mzee huizima pampu mapema kwa sababu ya gharama. Pampu ilikuwa ikizunguka saa 5. Gramu 16 mara 5 ni gramu 80. Kila siku iliyopita bwawa lilikuwa likidai gramu 70 ambazo hakuna aliyelilipa, na deni hilo ndilo mwani uliokuja kulidai kwa rangi ya kijani.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani lisiwe "Mtambo huu unafaa bwawa la lita ngapi?" Liwe "Unatoa gramu ngapi za klorini kwa saa?" Hesabu nyingine utaifanya mwenyewe, kwa saa za umeme unazozijua wewe na ambazo muuzaji hazijui. Kwa bwawa tulilolitaja, mwenye hakika ya saa 8 za pampu aweza kununua mtambo wa gramu 25 akaurekebisha ufanye kazi chini ya nguvu zake zote. Mwenye hakika ya saa 5 tu anunue wa gramu 35 hivi. Mtambo mkubwa waweza kupunguzwa, lakini mdogo hauongezeki.

Jihadhari pia na mitambo iliyoandikwa kwa vipimo vya Kimarekani. Hiyo hutaja ratli za klorini kwa siku, na siku yao ni ya saa 24 kamili bila pampu kuzimwa. Ratli moja ni gramu 454; igawe kwa 24 utapata gramu 19 kwa saa. Ukiizungusha pampu yako saa 6, ile ratli nzima uliyoahidiwa imekuwa gramu 114. Hakuna uwongo ulioandikwa hapo, ila msomaji wa karatasi ile alidhaniwa kuwa mtu wa nchi nyingine.

Mwenye kupenda kupeleleza zaidi anayo njia ya kumpima muuzaji. Kanuni ya umeme haibadiliki: ampea 1 ikipita kwa saa 1 katika nafasi moja kati ya mabamba mawili haiwezi kutoa zaidi ya gramu 1.32 za klorini. Mtambo wenye nafasi 4 na unaotumia ampea 5 hauwezi kuvuka gramu 26 kwa saa, na kwa kuwa hakuna mtambo usiopoteza kitu, utatoa 20 au zaidi kidogo. Ukiambiwa kwamba huo unatoa 40, mshukuru muuzaji na uende duka la pili.

Tuendelee na umeme, maana wengi hutuuliza kama mtambo wenyewe hula umeme mwingi. Hauli. Mtambo wa nyumbani hutumia umeme wa kadiri ya balbu chache za zamani, wati 100 hadi 200. Mlaji ni pampu, ambayo kwa bwawa la namna hii hutumia kiasi cha wati 750 hadi 1,100. Anayenunua mtambo wa chumvi akidhani atapunguza gharama za umeme amekosea, kwa sababu sasa atailazimu pampu izunguke kwa kawaida kila siku. Kinachoua mtambo wenyewe ni umeme unaopanda na kushuka. Sanduku la vidhibiti lina vipande vya elektroniki visivyovumilia mshtuko wa umeme unaporudi baada ya kukatika, na fundi wa kulitengeneza si rahisi kupatikana. Ni sharti kuweka kilinda-umeme mbele yake, kama wafanyavyo watu kwa friji na televisheni, pamoja na waya wa ardhini uliofungwa na fundi aliyesomea kazi hiyo, na swichi ya usalama inayokata umeme mara unapovuja. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji matupu. Hapa hatukubali mzaha wowote, wala fundi wa kuokota barabarani.

Bwawa la Karuma la megawati 600 lilizinduliwa mwaka 2024, na tangu hapo twasikia watu wakisema kwamba umeme nchini ni tele. Kuzalisha ni jambo moja, na waya unaofika mtaani kwako ni jambo la pili. Weka daftari kwa majuma mawili, uandike kila siku umeme ulikuwapo saa ngapi, kisha ndipo uende dukani.

Sasa chumvi. Lita 50,000 kwa gramu 3 na nusu kwa lita ni kilo 175, yaani magunia matatu na nusu ya kilo 50. Katika hili shemeji yetu alikuwa sahihi kabisa. Inayotakiwa ni chumvi safi, nyeupe, isiyo na dawa ya kuzuia kugandamana na isiyotiwa madini joto. Chumvi ya mezani hutiwa madini joto kwa amri ya sheria, jambo jema sana kwa shingo za watu, ila bwawa halina shingo. Ulizia chumvi ya viwandani iliyooshwa. Chumvi nyingi ya bahari ifikayo kwetu hutoka katika mashamba ya chumvi ya pwani ya Kenya, upande wa Malindi na Magarini, ambako maji ya bahari hukaushwa kwa jua.

Mtu atauliza: na ile yetu ya Katwe? Ziwa Katwe, huko wilaya ya Kasese, limewalisha watu chumvi kwa karne nyingi, na hata leo wanaume kwa wanawake wanasimama ndani ya maji yale makali kuichimba. Lakini chumvi yake si ya namna moja tu. Imechanganyika na salfeti na kaboneti, na mchanganyiko huo huchafua mabamba na kuvuruga maji. Serikali ilijenga kiwanda kando ya ziwa hilo, ujenzi uliokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980, na hakikudumu. Miongoni mwa sababu ni kwamba mabomba yake yaliliwa na maji yale yale yaliyokusudiwa kuyachemsha. Mwenye bwawa asidharau funzo hilo. Hata kwa gramu 3 na nusu, chumvi hula ngazi ya chuma cha zinki, hula skrubu za taa, na hula mawe laini yaliyopangwa ukingoni. Ngazi iwe ya chuma kisichoshika kutu cha daraja la kufaa maji ya chumvi, au ya plastiki.

Kuna mwathiriwa mwingine ambaye muuzaji hamtaji kamwe, naye ni mgomba. Kila kichujio huoshwa kwa kugeuza maji, na maji hayo ya kuoshea, mamia ya lita kwa mara moja, lazima yaende mahali. Kwa shemeji yetu yalielekezwa shambani, kama alivyozoea zamani. Tulipozunguka nyuma ya ukuta tulikuta migomba mitano ambayo kingo za majani yake zimekauka kama zilizounguzwa na moto. Mgomba hauvumilii chumvi, na maharage hayavumilii zaidi. Asiye na mfereji wa kuyapeleka maji hayo mbali na mimea, wala shimo lililojengwa kwa kazi hiyo, heri abaki na unga wa kopo. Huo ndio ushauri wetu.

Mvua nayo ina sehemu yake katika hesabu. Usiku mmoja wa mvua ya milimita 50 huliongezea bwawa la mita za eneo 40 lita 2,000 za maji. Likiwa limejaa, kiasi hicho hufurika na kuondoka na kilo 7 za chumvi. Miezi ya masika ikipita bila kupimwa chumvi, mtambo huanza kulalamika kwa taa nyekundu, na mwenyewe hudhani umeharibika. Mtambo mzuri una kipimo chake cha chumvi na hujizima chumvi ikipungua mno, maana kuulazimisha kufanya kazi katika maji maskini kunafupisha maisha ya mabamba.

Na maisha ya mabamba ndiyo bei yenyewe. Chombo kilichobeba mabamba, kiitwacho seli, huchakaa. Hesabu yake ni ya saa, na seli njema hudumu saa 7,000 hadi 10,000 za kazi. Kwa saa 8 kwa siku ni miaka miwili na nusu hadi mitatu na nusu. Seli huchukua sehemu kubwa ya bei ya mtambo wote, kwa hiyo kabla ya kulipa uliza kama seli ya kubadilisha ipo hapa Kampala, kwa bei gani, na kama ya kampuni nyingine inaweza kuingia mahali pake. Jibu la kwamba "itaagizwa" ni jibu la miezi. Hapo ndipo mtambo wa bei nafuu unapogeuka kuwa wa bei kali.

Tazama pia kama mtambo una uwezo wa kugeuza mkondo wenyewe kila baada ya saa chache. Chokaa hujenga ganda jeupe kwenye bamba linalotoa haidrojeni, na mkondo ukigeuzwa ganda hilo hubanduka. Mtambo usio na uwezo huo utakulazimu kuifungua seli na kuiosha kwa asidi mara kwa mara. Wakati wa kuchanganya asidi ya kuoshea, asidi humwagwa ndani ya maji. Kamwe maji yasimwagwe ndani ya asidi. Tena asidi na klorini zisiwekwe rafu moja, kwa kuwa zikikutana hutoa gesi iuayo.

Jambo la usalama lililo kubwa kuliko yote ni kidude kidogo kiitwacho swichi ya mtiririko. Kazi yake ni kuuzima mtambo mara maji yanapoacha kupita. Kidude hicho kikikosekana, au fundi akikiunganisha kwa ujanja ili taa isiwake, mabamba yataendelea kutoa haidrojeni ndani ya bomba lililosimama, na gesi ikijikusanya katika kichujio yaweza kulipuka. Mtambo usio na swichi hiyo usiununue hata ukipewa kwa nusu ya bei. Na ukiununua wenye swichi, siku ya kuufunga mwambie fundi azime pampu mbele ya macho yako, uone kama mtambo nao unazima.

Turudi kwenye maji yenyewe. Mtambo wa chumvi haukuondolei kazi ya kupima. Kwanza jua: klorini isiyo na kinga, ikikaa wazi adhuhuri, nusu yake huweza kutoweka kwa yapata saa moja. Kinga yake ni asidi ya sianuriki, gramu 50 hadi 80 kwa mita ya ujazo, ambayo hutiwa mara moja na kuongezwa kwa nadra. Ikizidi mno huifanya klorini kuwa mvivu, kwa hiyo ipimwe. Bwawa la shemeji halikuwa nayo kabisa, na hakuna aliyemwambia. Hata zile gramu 80 zilizokuwa zikipatikana, sehemu kubwa ilikuwa ikienda mbinguni.

Pili ni pH. Katika mtambo wa chumvi pH hupanda siku zote, kwa kuwa mapovu ya haidrojeni hufukuza hewa ya ukaa iliyomo majini. Katika pH ya 7.2, karibu theluthi mbili ya klorini iko katika hali iliyo kali. Ikifika 8, ni yapata robo tu. Mtu aweza kuwa na klorini ya kutosha kwenye kipimo, na bado maji yake yakawa dhaifu. Dawa yake ni asidi kidogo kila juma. Tatu, maji ya bomba yatokayo Ziwa Victoria ni laini, yana chokaa kidogo, na maji laini huitafuta chokaa popote ilipo, hata katika lipu ya bwawa lako. Mwenye bwawa la lipu ya saruji aongeze kalisiamu hadi ifike miligramu 200 hadi 400 kwa lita. Mwenye kisima chenye maji magumu ana shida iliyo kinyume, ganda kwenye mabamba, naye azingatie zaidi ile habari ya kugeuza mkondo.

Yote haya ni kwa ajili ya wale watakaoingia majini. Klorini ya miligramu 1 hadi 3 kwa lita, katika pH iliyo sawa, huua vijidudu vingi vya kuharisha kwa dakika chache. Lakini kipo kijidudu kiitwacho Cryptosporidium ambacho huweza kuishi zaidi ya siku 10 katika maji yenye klorini ya miligramu 1, na hakuna mtambo wa nyumbani, wa chumvi au wa namna nyingine, utakaokuokoa nacho upesi. Mtoto anayeharisha asiingie bwawani, na hata akipona angoje majuma mawili. Na ile harufu kali ambayo watu huisifu wakisema "hapa kuna dawa" ni dalili mbaya: ni harufu ya klorini iliyokwisha kushikana na jasho na mkojo, na mara nyingi maana yake ni kwamba klorini iliyo huru imepungua.

Shemeji alituuliza kama angeweza kuuwasha mtambo wake kwa nguvu zote hadi Jumamosi na kuyasafisha maji kwa njia hiyo. Haiwezekani. Maji yaliyokwisha kuwa kijani yanataka dozi kubwa kwa pamoja, gramu 10 kwa mita ya ujazo, yaani gramu 500 kwa bwawa lake, na pengine kurudiwa. Mtambo wa gramu 80 kwa siku hauwezi kufika huko, kwa sababu mwani nao unakula kila siku. Ilibidi anunue ule unga wa kopo aliodhani ameuaga, auyeyushe katika ndoo ya maji jioni baada ya jua kuzama, asugue kuta kwa brashi, na pampu izunguke usiku kucha kwa jenereta aliyoazima kwa jirani. Siku ya tatu maji yalikuwa ya kijivu. Siku ya tano tuliiona sarafu iliyolala chini. Ndipo akatia kinga ya jua kilo 3, na akaweka pembeni kopo moja la unga kwa ajili ya siku zisizo na umeme.

Kuhusu mtambo, tulimshauri asiutupe. Baada ya arusi aliuuza kwa mtu mwenye bwawa dogo la lita 20,000, ambaye kwake gramu 16 zinatosha, akaongeza fedha akanunua wa gramu 35 wenye seli ya plastiki angavu, ili kijana wa bustani aone ganda likianza kujengeka. Maji ya kuoshea kichujio sasa yanakwenda katika shimo lililo mbali na shamba. Migomba miwili imechipua upya, mitatu ilikatwa.

Jumamosi ya arusi umeme ulikatika saa nne asubuhi, watoto wakiwa tayari wameingia majini. Tulimwona shemeji, katika kanzu yake mpya, akichuchumaa ukingoni na kichupa cha kupimia, huku mpiga picha akimwita kwa mara ya tatu. Kipimo kilionyesha klorini ya 2. Akakitikisa, akapima tena, ndipo akaenda kupigwa picha.